Redio ya marehemu nayo ni mirathi



Ndugu msomaji, baada ya kumhimidi Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii ninaomba tuzungumzie kitu kilichoko juu ya kabati katika nyumba nyingi za huku kwetu, nacho hakihesabiwi kuwa ni mali wala hakihesabiwi kuwa ni elimu. Ninakusudia redio ya mzee.

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Newala, aliye ndani ya eda ya kufiwa, alimtuma kaka yake kwa kamati ya msikiti wetu. Mume wake amefariki na kuacha nyumba, shamba la mikorosho na redio mbili. Nyumba na mikorosho iliorodheshwa bila ugomvi, lakini redio hazikuandikwa popote. Kijana wake mmoja aliukata waya uliotoka dirishani hadi kwenye mwembe, akaufanya kamba ya kuanikia nguo. Redio moja kati ya zile mbili alikuwa amekwisha kumwahidi rafiki yake. Mama aliuliza mambo mawili. La kwanza, je, ni halali mali ya marehemu itoke nyumbani namna hiyo? La pili, je, yuko mtu awezaye kumrudishia sauti aliyoizoea usiku? Maana redio iliyobaki ilikuwa haisemi tena, inavuma tu.

Tulikwenda, imamu wetu, kaka wa mama na mimi. Tulikaa barazani pamoja na vijana wa marehemu, na mama akazungumza nasi akiwa ndani.

Swali la kwanza halikuhitaji muda mrefu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 7, Allah (s.w.) amewawekea wanaume na wanawake fungu lao katika yale yaliyoachwa na wazazi na jamaa, na ameeleza wazi kwamba hukumu hiyo ni moja, kiwe kilichoachwa ni kidogo au ni kingi. Kwa hiyo redio ni tirka kama shamba lilivyo tirka. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo kinachobaki kikagawanywa. Mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Hakuna mrithi mwenye ruhusa ya kumpa rafiki yake kitu ambacho bado ni cha wote.

Tulipouliza ni nani waliokwisha kushauriwa, ilibainika kwamba mabinti wawili wa marehemu, walioolewa Masasi, hawakuulizwa lolote. Hili ni jambo la kusikitisha, na halikuanza na nyumba hii. Katika vitu vikubwa tunaogopa kuwadhulumu mabinti zetu kwa sababu watu wanaona. Katika vitu vidogo tunajisahau, na dhuluma ya kitu kidogo ni dhuluma.

Kijana hakuwa mkaidi. Alisema kwa adabu, “Ustadh, mimi sikuona kuwa ni mali. Habari zote zimo katika simu, na Qur'ani nzima imo ndani ya kadi ndogo. Redio hii inavuma tu. Niliona kuwa namwondolea mama uchafu.” Nilikuwa tayari kumjibu kwa maneno ya mimbarini, lakini mama akatangulia. Alisema, “Mwanangu katibu, baba yao hakupata kuiweka redio ovyo. Aliielekeza kibla. Huyu ameihamishia ukuta mwingine, karibu na umeme, na tangu siku hiyo haikusema tena.”

Vijana walitazamana wakatabasamu. Nakiri kwamba hata mimi moyoni nilidhani haya ni mapenzi ya mjane kwa mumewe, na kwamba kibla na redio havina uhusiano. Nilikosea. Siku ya tatu tulimwita fundi mmoja mzee kutoka Masasi, aliyetengeneza redio tangu zama za taa za vioo ndani yake, naye akatufundisha jambo ambalo chuoni sikulisoma.

Alisema kwamba redio ndogo, inaposikiliza masafa ya kati, yale yaandikwayo AM, haitumii ule mti wa chuma unaovutwa juu. Ndani yake kimelala kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, na hiyo ndiyo antena yake. Kijiti hicho husikia vizuri yale yanayokuja ubavuni mwake, na huwa kama kiziwi kwa yale yanayokuja kwenye ncha zake. Katika redio nyingi kimelala kwa urefu wa redio, kutoka kushoto kwenda kulia. Sasa tazama ramani. Newala iko kusini kabisa, na Dar es Salaam na Unguja ziko takriban kaskazini yetu moja kwa moja. Makka tukufu, umbali wa kilomita zipatazo 3,600, nayo iko kaskazini yetu, imepinda kidogo sana kuelekea mashariki. Kwa mtu wa Newala au Masasi, kuielekeza redio kibla ni kukilaza kijiti mashariki na magharibi, na ubavu wake ukaikabili Dar es Salaam. Marehemu aliipanga redio kwa akili, na mkewe akakishika kitendo hicho bila kuambiwa sababu. Kijana alipoihamishia ukuta wa magharibi, aliielekeza ncha ya kijiti kwenye sauti alizokuwa akizitafuta mama.

Kisha fundi aliomba swichi kuu ya nyumba izimwe, huku redio ikitumia betri. Uvumi ulikatika mara moja. Adui wa pili alikuwa chaja ya simu na taa mpya ya LED, vilivyokuwa hatua moja kutoka kwenye redio. Vifaa hivi hutoa kelele za umeme ambazo sikio halizisikii, lakini redio inazisikia. Alipoirudisha redio mahali pake, sauti ya Kiswahili ikatoka, hafifu lakini safi. Mama hakusema neno, ila tulimsikia akivuta pumzi.

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea na waya wa mwembeni, ni vema vijana wetu wajue kwa nini wazee wa nyanda hii wameishi na redio kama mtu aishivyo na jirani. Marehemu alizaliwa kabla ya Sauti ya Dar es Salaam kuanza mwaka 1951. Alipokuwa mtoto, mwaka 1954, Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili kwenye masafa mafupi, na Mzanzibari Ahmed Rashad Ali akawa miongoni mwa sauti zake mashuhuri katika miaka ya kudai uhuru. BBC ilianza Kiswahili mwaka 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962, na Sauti ya Ujerumani mwaka 1963. Radio Tanzania Dar es Salaam ikachukua jina hilo mwaka 1965. Na huku kwetu, ambako ukisimama ukingoni mwa nyanda unaliona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake, vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 havikuwa habari za mbali. Frelimo ilitangaza kutoka Dar es Salaam, na wenye jamaa ng'ambo ya mto walitega masikio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili magonjwa na wakachimba vyoo. Hapo redio ilikuwa darasa.

Kwa upande wa dini, baadhi ya watu waliwahi kuona shaka iwapo maneno ya Allah yanafaa kupita katika chombo hiki. Radio ya Misri ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 1934 ilifunguliwa kwa kisomo cha Sheikh Muhammad Rifaat, naye hakukaa mbele ya kinasa sauti kabla ya kuwauliza wanazuoni. Mwaka 1964 Cairo ikaanzisha idhaa nzima kwa ajili ya Qur'ani. Chombo ni chombo, na hukumu iko katika kinachobebwa na katika adabu ya msikilizaji. Tumeamrishwa, katika Suratul-Aaraaf, aya ya 204, kuisikiliza na kunyamaza inaposomwa. Basi usiiache ikisomeka peke yake sokoni huku wewe unapigia kelele bei ya kunde.

Hata hivyo, nisiwadanganye vijana. Neno la yule kijana lilikuwa na ukweli ndani yake. Masafa mafupi ya leo si yale ya ujana wa baba yake. Mwaka 2011 BBC ilitangaza kuiondoa idhaa yake ya Kiswahili kwenye masafa mafupi. Mitambo ya Sauti ya Ujerumani iliyokuwa Kigali ilifungwa mwaka 2015, baada ya miaka 50. Mwezi Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa kwa amri ya serikali yake yenyewe. Anayenunua redio leo akitarajia kuzisikia zote atajuta.

Lakini kumbuka mwezi Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mafuriko yakaikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Tarehe 12, kabla watu hawajapumua, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu, na simu zetu zikawa kama vioo vya kujitazamia. Wako waliokuwa na mgonjwa Muhimbili, na wako waliokuwa na mtoto njiani. Hapo kila aliyekuwa na neno alilisema, la kweli na la uongo. Nakumbuka majirani wakisogea kwenye baraza la mzee huyu baada ya Isha. Hakuwa akisema, “Nimesikia kwamba barabara imefunguliwa.” Alikuwa akisema, “Nimesikia kutoka idhaa fulani, saa tatu kasorobo, na idhaa ya pili haijalisema hilo bado.” Sisi tuliosoma tunaijua Suratul-Hujuraat, aya ya 6, inayotutaka tuihakiki habari kabla ya kuitendea kazi. Yeye hakusoma chuo, lakini alikuwa na sanad. Wangapi kati yetu tunasambaza ujumbe wa simu ambao hatujui umetoka kwa nani?

Hii ndiyo faida inayobaki. Redio ya masafa mafupi haikuulizi kifurushi, haihitaji mnara uliopo karibu, na inakuwezesha kupima kauli ya huyu kwa kauli ya yule. FM ni nzuri na redio zetu za Kiislamu zimo humo, lakini mawimbi yake husafiri kama macho yaonavyo, na kilima au umbali huyakatiza. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la juu la anga, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, yakarudishwa chini mbali sana. Masafa ya kati nayo hufanya hivyo usiku, na mchana huishia karibu.

Kwa anayetaka kuwa na redio ya namna hii, nimekusanya haya kutoka kwa fundi na kutoka katika daftari la marehemu.

Kuhusu redio yenyewe, usinunue kwa wingi wa taa zake. Redio nyingi za sokoni zimeandikwa bendi kumi, lakini mshale wake huchanganya idhaa tatu mahali pamoja. Tafuta yenye namba za masafa, inayokuwezesha kuandika 11735 ukafika hapo hapo. Wapenzi wa kazi hii duniani wameisifu sana Sony ICF-SW7600GR, iliyotoka mwaka 2001 na ambayo sasa hupatikana iliyotumika tu. Katika za Kichina, Tecsun PL-660 ni kama ile ya marehemu, aliyoletewa na mpwa wake kutoka Muscat, nayo hutumia betri nne ndogo za kawaida. Ndogo yake, PL-330, hutumia betri ya BL-5C, ile ile ya simu za kitochi, ambayo haikosekani katika duka lolote la simu Newala au Masasi. XHDATA D-808 hutumia betri ya 18650, iliyomo katika tochi nyingi za kuchaji. Angalia betri kabla ya kuangalia sura, maana redio bora isiyo na betri ni pambo. Na kama nyumbani kuna National au Philips ya zamani yenye mshale, usiitupe. Kwa masafa ya kati wengine huipenda kuliko mpya, kwa kuwa ilijengwa na kijiti kirefu cha feraiti na spika kubwa.

Kuhusu antena, kwa masafa mafupi waya wa shaba wa mita 10 hadi 15 unatosha. Ufunge kutoka dirishani hadi kwenye mti, na kila ncha uitenganishe na mti au ukuta kwa kamba ya nailoni, usiguse tawi wala bati. Kwetu waya huo unyooshwe mashariki na magharibi, kwani nao husikia zaidi pande zake mbili kuliko ncha zake, na idhaa nyingi tunazozitaka ziko kaskazini. Kama redio ina tundu la antena, chomeka hapo. Kama haina, bana ncha ya waya kwenye mti wa chuma wa redio. Waya mrefu kupita kiasi huizidia nguvu redio ndogo, ikachanganya sauti. Ndani ya nyumba ya bati, mahali pa redio ni dirishani. Na tafadhali sana, waya usipite juu wala chini ya nyaya za TANESCO, na wakati wa mvua za radi uchomoe kabisa na uutoe nje. Sauti ya redio haina thamani ya roho ya mtu.

Kuhusu saa, kanuni ni nyepesi. Mchana tafuta masafa ya juu, mita 19 na 16. Jua likitua shuka hadi mita 25 na 31, na usiku ukikomaa, mita 49. Ukitaka kujua masafa fulani ni mita ngapi, gawanya 300,000 kwa idadi ya kilohezi. Kwa mfano 11735, namba ambayo kituo cha Dole, Unguja, kimejulikana kwayo kwa wasikilizaji hata wa Ulaya, inakupa mita 25 na nusu. Ratiba nyingi huandikwa kwa saa za dunia, basi ongeza saa tatu upate saa za Afrika Mashariki.

Mwisho, kuwa na daftari. La marehemu lina safu tano: tarehe, saa, idhaa, kilohezi, na alama kutoka moja hadi tano ya usafi wa sauti. Wapenzi wa redio duniani hufanya hivyo hivyo, na huiandikia idhaa kueleza walivyoisikia, nayo huwarudishia kadi ya kuthibitisha. Ndani ya daftari tulizikuta kadi za namna hiyo, zimefungwa kwa mpira. Vijana hawakujua kwamba jina la baba yao liliwahi kufika ofisi za nchi za mbali.

Ndugu msomaji, mambo yaliishia hivi. Mabinti walipigiwa simu kutoka barazani pale pale, wakauliza kwanza iwapo mama analala vizuri. Fundi alizikadiria redio zote mbili. Ile aliyoahidiwa rafiki haikutoka nyumbani, na kijana alikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Mama alisema kwamba Tecsun ihesabiwe ndani ya thumni yake, asipewe kwa huruma. Warithi wote waliridhia, na katibu wenu akaandika, mashahidi wakatia saini. National ya zamani ikawa ya vijana, wakubaliane bei kati yao, na fungu la dada zao lilipwe kwa fedha.

Daftari halikuwa na bei, na kila mmoja alidhani si la mtu. Binti mkubwa akaliomba. Alisema alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake taa ya chemli wakati akiandika, na kwamba herufi za kurasa za mwanzo ni zake yeye. Ndugu zake wakampa.

Jioni ile yule kijana aliifungua kamba ya nguo, akapanda mwembe mwenyewe. Fundi alikuwa chini akimwelekeza, huku kaka wa mama akimkumbusha asivunje matawi yenye maua. Baada ya Isha nilipita njia hiyo nikasikia kisomo kikitoka dirishani, kikipanda na kushuka kama ilivyo tabia ya masafa mafupi. Sikubisha hodi.

Basi tuwaulize wazee wetu wangali hai. Tusiwaulize wameweka wapi hati ya shamba peke yake. Tuwaulize pia kwa nini redio imekaa pale ilipokaa, kwa nini waya umepita huku wala si kule, na ni saa ngapi wanasikiliza nini. Tukipata kifaa bila elimu yake, tutakitupa na tutadhani tumesafisha nyumba. Na pale mirathi inapogawanywa, kidogo kiandikwe kama kikubwa, na mabinti waulizwe kama wana.

Wabillahi tawfiq. Inshaallah tukutane tena wiki ijayo.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.